Nyumba Niliyoizika Iftin

Saa saba mchana Garissa hulala. Maduka hufungwa, mbuzi hujibanza kwenye kivuli chembamba cha kuta, korongo husimama juu ya mapaa bila kutikisa unyoya, na joto huketi juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi sikujua kulala mchana. Kwetu Nyandarua, anayelala mchana ni mgonjwa au mlevi. Basi ofisi niliyohamishiwa ilipofungwa kwa chakula, mkuu wetu akaenda zake mpaka atakapojisikia kurudi, mimi nilikuwa natembea. Nilitembea bila pa kwenda, mtandio kichwani, macho nimeyafinya kwa mwanga, mpaka siku moja katika mtaa wa Iftin nikasikia wanawake wakiimba nyuma ya lango la bati.

Haukuwa wimbo wa kuchezwa. Mmoja alitangulia, wengine wakaitikia, na katika kila kiitikio kulisikika kitu kikivutwa na kukazwa. Nikachungulia. Ndani kulikuwa na ghala la zamani la ngozi ambalo sasa lilikuwa nyumba ya sanaa ya mtaa. Ukuta mmoja vijana walikuwa wamechora twiga wa buluu. Ukuta wa pili walichora mawingu matupu, mengi mno, nadhani kwa hamu ya mvua. Barazani waliketi wanawake na wasichana kama kumi, wote wanatafuna, mashavu yamevimba. Nikajiambia: hee, hata wanawake na miraa mchana huu!

"Karibu, usisimame mlangoni kama bolisi," alisema mmoja, mkongwe kuliko wote, bila hata kugeuza kichwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba asingeniona hata kama angegeuka. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, na dunia yote aliijua kwa masikio na vidole. Watu wote walimwita Ayeyo, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo.

Alinipa kipande cha gome. "Tafuna. Usimeze. Ikiwa laini, toa."

Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Gome la ndani la mgunga hutafunwa mpaka libaki nyuzi, nyuzi husokotwa, na nyuzi hizo ndizo hufumiwa mikeka ya nyumba. Lilikuwa chungu! Uchungu uliingia mpaka masikioni. Wasichana wakanicheka, nami nikaapa moyoni kwamba sitatema mbele yao. Mimi ni mtu wa kiburi. Nikatafuna mpaka taya zikafa ganzi, na wakati ule ule kichwa kikawa chepesi, wimbo ukaenda ukirudi, na sikujua kama nimeketi pale saa moja au mwaka.

Kesho yake nilirudi. Na kesho kutwa.

Mahali pale hapakuwa pa faida, na kwa kweli hakuna aliyefaidi chochote isipokuwa kivuli. Mkurugenzi alikuwa binti wa huko huko aliyesomea Nairobi, mwenye Sheng nyingi na simu isiyotulia, lakini asubuhi alifagia ua yeye mwenyewe. Mlinzi alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, na chai yake ya maziwa ya ngamia ingeweza kumfufua maiti. Ayeyo naye alifundisha kufuma siku tatu kwa wiki. Mimi sikuwa na sanaa yoyote, ila baba yangu alikuwa fundi wa mawe, na nilikulia kwenye vumbi la saruji nikimpimia mchanga kwa karai. Nilitengeneza bomba lililokuwa likivuja. Niliziba ufa kwenye ukuta wa mawingu. Nikapanga rangi kabatini. Kabla mwezi haujaisha, mkurugenzi alinipa ufunguo wa lango, akaniambia, "Abayo, dada yangu, wewe sasa ni wa hapa." Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeushika mkononi njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Katikati ya ua ndipo ilipokuwa nyumba yenyewe. Ilikuwa akal, nyumba ya wafugaji: mizizi ya mgunga iliyopindwa ikawa pinde saba, na juu yake mikeka mizito, na kamba kushikilia vyote. Ikitakiwa kuhama hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia, na jioni huwa imesimama kwingine. Ayeyo aliisimamisha pale ili wasichana waone jinsi inavyokaa, na mkurugenzi alipenda kuwaonyesha wageni. Lakini haikuwa mali ya kituo. Ilikuwa ya mjukuu wake.

Huko kwao bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu. Huenda na nyumba, na nyumba hiyo hufumwa na upande wa mama yake. Binti huyu mama yake alifariki akiwa mdogo, kwa hiyo deni la mama likamwangukia bibi. Ayeyo alikuwa ameifuma miaka miwili, akianza na jicho moja zima na kumaliza bila hata moja. Harusi ilikuwa Tarbaj, mbali kaskazini, kwa wazazi wa mchumba, mara baada ya mwezi kuandama. Aliniambia wazi siku moja, akinyoosha uzi juu ya goti lake: "Hii ndiyo ya mwisho. Nyingine sitaweza. Mtoto akifika kule bila nyumba, watasema hana mama. Na kweli hana. Lakini wasiseme."

Mchana, wimbo ulipokwisha na wote kujinyoosha barazani, mimi niliingia ndani ya akal. Hakuna aliyenikataza. Mwanga ulipenya kwenye mafumo, ukaniangukia mikononi madoa madoa, na upepo ukipita madoa yalitembea. Kulinuka majani makavu na moshi wa ubani. Nilikuwa nalala huko, mimi niliyedharau wanaolala mchana. Nikiwa kati ya usingizi na macho niliona ukungu wa kwetu ukishuka kwenye viazi, nikamsikia mama akipuliza moto, kisha ule ukungu ukawa vumbi la Garissa na mama akawa anaimba kwa Kisomali, nami sikushangaa hata kidogo. Sehemu nyingine zote za mji ule nilikuwa mtu wa kuletwa kwa barua ya uhamisho. Mle ndani hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi.

Wiki tatu kabla ya harusi, habari zilikuja kwamba dada yake Ayeyo ni mgonjwa huko Liboi. Akaondoka na mjukuu wake. Aliniacha na neno moja tu: "Angalia nyumba yangu."

Laiti angelisema, "Usiiguse."

Siku ya pili pepo za kabla ya mvua zilianza. Upepo uliinua ua mzima ukauzungusha, na wageni fulani waliokuwa wamekuja kutazama kituo wakakimbilia ghalani na kofia zao. Tulipotoka, akal ilikuwa imelala ubavu, pinde mbili zimechomoka ardhini, mikeka inapepea. Mkurugenzi aliona aibu. Mimi niliona hofu, hofu ya kweli, kama mtu aliyeachiwa mtoto na mtoto akaanguka. Tuliinua, tukakaza kamba, nikarudi nyumbani, nikakosa raha. Na hapo ndipo kiherehere changu kikanituma.

Asubuhi ya Jumamosi nilinunua mifuko miwili ya saruji. Mkurugenzi alikuwa amesafiri kwenda Nairobi. Nilichimba mashimo kumi na manne, moja kwa kila mguu wa kila upinde, shubiri nzima kwenda chini. Nilipima mchanga kwa karai kama baba. Mlinzi aliniletea maji, akasimama akinitazama, akishika ndevu zake.

"Hiyo ni nini?"

"Msingi. Ili isianguke tena."

"Nyumba kama hii huanguka, halafu watu huinua," akasema. Kisha akaongeza, kwa adabu ya mwanamume anayejua mipaka yake, "Lakini mimi sijui. Hiyo kazi ya wanawake."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikuwa na masikio mawili mazima. Nilimimina, nikaweka na kola ya saruji kuzunguka kila mguu, nikailainisha kwa mwiko mpaka iking'aa. Nilinyunyizia maji asubuhi na jioni ili ishike vizuri. Kazi ilikuwa safi kabisa. Baba angejivunia. Siku zote zile niliwaza jinsi Ayeyo atakavyofurahi, na sikuwahi, hata mara moja, kuiwazia Tarbaj. Nasema kweli tupu: nilijua kuna harusi kama ninavyojua kuna kifo. Nilijua, sikuamini.

Ayeyo alirudi siku ya Jumatano mchana, mji ukiwa umelala. Mjukuu alimshika mkono mpaka mbele ya akal, akamwachia, kwa sababu hapo hakuhitaji kuongozwa. Mimi nilisimama kando nikitabasamu kama mjinga. Alipapasa mkeka wa kwanza, akashuka na upinde taratibu, kama mtu anayempapasa ngamia mguu, vidole vikafika chini, vikagusa jiwe.

Vikasimama. Akahamia mguu wa pili. Jiwe. Wa tatu. Alizunguka nyumba yote akiwa amepiga magoti, miguu yote kumi na minne, hakuruka hata mmoja, na sisi sote tulisimama tu. Mjukuu alikuwa amefunika mdomo kwa shela.

"Nani amezika nyumba yangu?" akauliza.

Nilitaka ardhi ipasuke. "Ni mimi, Ayeyo. Upepo uliiangusha. Nilitaka iwe imara."

"Mtu aliyekufa ndiye huzikwa," akasema. "Hii ilikuwa hai."

Mkurugenzi alikuwa amesharudi kutoka Nairobi. Alitoka ghalani, akatazama chini, akashika kichwa. "Manze, abayo, umetuchoma. Hii hao ni nyumba ya kuhama! Harusi ni siku tisa!" Waswahili husema majuto ni mjukuu. Wangu alisimama mbele yangu na shela yake mdomoni, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Tulijaribu nyundo. Nilipiga mwenyewe, polepole, pembeni pembeni, lakini saruji niliyoinywesha maji kwa mapenzi ilikuwa imeshika kuliko msingi wa benki. Upinde wa kwanza ulitetemeka, ukalia, ukapasuka kutoka chini hadi usawa wa goti. Ayeyo aliusikia. Alinyoosha mkono hewani kunizuia. Mizizi ile huchimbwa, hupindwa ingali mibichi, hufungwa, hukaushwa kivulini misimu na misimu. Hakuna duka inakouzwa.

Hapo nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia makamasi yakatoka, nikasema mambo ambayo hata sikujua nilikuwa nayo. Nikasema haikuwa upepo peke yake. Nikasema upepo niliupata kama kisingizio. "Nilitaka isiondoke, Ayeyo. Sina mahali pengine hapa."

Mkurugenzi alitafsiri, ingawa nadhani hapakuwa na haja. Ayeyo aliketi mchangani, akaegemea mkeka wake. Korongo mmoja alipita juu, kivuli chake kikatupitia sote usoni.

"Mimi pia nataka isiondoke," akasema. "Lakini mtoto anaondoka."

Kisha akaomba msumeno.

Tulikata miguu yote usawa wa kola. Mlinzi alishika pinde, mimi nikakata, kwa sababu sikukubali mtu mwingine akate. Nyumba ikapoteza karibu shubiri mbili za kimo. Upinde uliopasuka Ayeyo aliufunga kwa ukanda wa ngozi mbichi, akasema utakauka na kubana. Tatizo likawa mikeka: sasa ilikuwa mirefu, ingeburuta chini na kuliwa na mchwa. Ilibidi ukingo wa kila mkeka ufumuliwe, upunguzwe, ufumwe upya. Nyuzi zilihitajika nyingi, na siku zilizobaki zilikuwa nane.

Niliomba likizo ofisini. Mkuu wangu aliuliza sababu nikamwambia natafuna magome, akadhani namtania, akasaini.

Siku hizo nane nazikumbuka kama siku moja ndefu isiyo na saa. Tulitafuna tangu asubuhi. Ayeyo hakunisemesha. Alinipa gome, nilitafuna, nilimrudishia nyuzi, alizipima kwa vidole, mbaya akatupa, nzuri akasokota. Siku ya tatu alianza kuimba, wasichana wakaitikia, na siku ya tano nilijikuta naitikia nami, maneno nisiyoyajua, ulimi wenyewe umeshajifunza. Meno yangu yalikuwa mekundu kwa maji ya gome, kama ya mtu aliyekula mnyama mbichi. Ufizi ulinivuja damu. Mchana wote walipojilaza sikuwa tena na nyumba ya kuingia. Ua ulikuwa mtupu, na miguu kumi na minne iliyokatwa ikichungulia kwenye saruji yake. Nililala barazani miongoni mwao, kichwa karibu na miguu ya mtu, na hakuna aliyenisukuma.

Siku ya tisa tulipakia lori. Pinde, mikeka, vibuyu vya maziwa, kamba. Tulipanda wanawake sita, na mkurugenzi, na mimi. Barabara ya kaskazini haina mwisho. Vichaka vilikuwa vya kijivu, kisha mchanga mwekundu, kisha kitu kama maji kikang'aa mbele na kila tulipokaribia kikasogea. Twiga wawili walitutazama. Nilisinzia nikiegemea mikeka, nikaamka, tulikuwa bado pale pale, au palepale pamehama pamoja nasi.

Kwenye kizuizi kimoja askari, mtu wa bara kama mimi, aliangaza tochi yake ndani ya lori ingawa jua lilikuwa bado liko juu.

"Mama, mmebeba nini?"

"Nyumba," nikajibu.

Akatazama rundo lile, akanitazama mdomo wangu mwekundu. "Nyumba iko wapi?"

"Ndiyo hiyo. Imekunjwa."

Akatufungulia njia bila kuuliza zaidi. Nadhani aliona heri asijue.

Tarbaj tulipokewa kwa vigelegele. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshasafisha mahali, na akal ikaanza kusimama, mikono mingi, kila mmoja anajua zamu yake. Mimi nilikaa nyuma. Iliposimama, hata kipofu angeona: ilikuwa fupi. Kando yake zilikuwepo nyingine mbili, na yetu iliinama kati yao kama mtoto kati ya shangazi zake.

Mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye dhahabu masikioni, aliizunguka polepole. Aligusa ukanda wa ngozi kwenye upinde uliopasuka. Akasema neno moja, na mkurugenzi hakuhitaji kunitafsiria. Vigelegele vilikatika. Mjukuu alikuwa ameketi chini ya shela zake, kichwa kimeinama, na nikaona mikono yake ikikamatana.

Ayeyo alisema kitu, kisha akaita, "Wewe wa saruji! Kuja."

Nikaenda.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Mbele ya wanawake wote wa ukoo ule, nikafungua mdomo kama mbuzi anayeuzwa sokoni. Ayeyo akazungumza, akinielekeza kidole, na mkurugenzi akininong'oneza sikioni: Huyu ndiye aliyeifupisha. Ni mtu wa milimani, kwao nyumba hupandwa kama mahindi. Aliipenda akaizika. Halafu ameitafunia siku nane. Mimi meno nimeyamaliza kwa ajili ya mtoto huyu, huyu hapa ametoa yake. Sasa niambieni, nani kati yenu mkwe wake amefika na nyumba iliyotafunwa na watu wawili?

Mama wa bwana harusi alinisogelea, akanishika kidevu, akachungulia mdomoni mwangu kwa makini, kama daktari. Uso wake mrefu ulianza kutikisika. Akacheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno, na wengine wakalipuka naye, na vigelegele vikarudi vikubwa kuliko vya kwanza. Nilicheka nami, mdomo ungali wazi, machozi yananitiririka.

Ilibaki kamba moja tu, ya mkeka wa mlango, kabla bibi harusi hajaingia. Ayeyo aliipapasa hewani, akaishika, akaniwekea kiganjani.

"Funga," akasema. "Lakini funga kama mtu atafungua."

Nikafunga. Fundo la kwanza lilikuwa legevu, nikafunga tena vizuri zaidi. Akainama, akalitafuta fundo langu gizani mwake, akalijaribu huku na huku, lilikuwa limekaza. Kisha akavuta ncha moja kwa vidole viwili, na lote likafunguka mara moja, kamba ikamwangukia mkononi.

"Hiyo sawa," akasema, akanirudishia kamba. "Funga tena, mtoto aingie."